Malalamiko ya Mwizi Kuhusu Nywila Isiyofungua

Husimuliwa, na wasimulizi wake wameapa mbele ya watu wazima wawili wenye akili timamu, kwamba ipo nchi iitwayo Peupe, ambayo mji wake mkuu ni Hadharani. Ni nchi nzuri. Mvua hunyesha ikipenda, barabara hujengwa kila mwaka pale pale, na wananchi wana desturi moja wanayojivunia kuliko madini yao: jambo lisilo na mashahidi wawili halijatokea.

Nchi nyingine hutaka mashahidi kwenye ndoa na kwenye kuuza shamba, zikaridhika. Wapeupe walisonga mbele. Kule mtu akisema jino linamuuma, huulizwa, "Nani mwingine analijua hilo?" Mume akimwambia mkewe chumbani kwamba anampenda, mke hutoka uani akaita majirani, kisha akamwambia, "Haya, rudia." Na watoto shuleni hukaririshwa methali kongwe ya taifa: siri ya mtungi muulize mtaa mzima.

Katika mji huo wa Hadharani, nyuma ya soko la ndizi, alikuwapo msusi mmoja jina lake Sikudhani. Alikuwa na vidole vyepesi na mdomo mzito. Wateja walimpenda kwa sababu aliwaacha waseme wao. Alikaa na mama yake, Bi Mwamvua, ambaye mtoto wa jicho alikuwa amemfunika macho yote mawili, polepole, kama ukungu unavyofunika kioo, mpaka akawa anaijua asubuhi kwa harufu ya maandazi ya jirani.

Kila mwaka baada ya mvua, madaktari wa macho walikuja katika hospitali ya mji, wakapasua kwa siku chache, wakaondoka. Mwaka juzi fedha za Sikudhani zilipelea. Mwaka jana zilipelea tena. Safari hii, kabla hawajafika, daktari wa pale pale hospitali aliyempima Bi Mwamvua alimvuta binti pembeni, akamwambia, "Mwaka huu asikose. Ukimleta mwakani, sitakuahidi kitu."

Kwa hiyo Sikudhani alibana. Alikwenda kazini kwa miguu. Alikunywa chai ya rangi na kujisemea kwamba maziwa yanamletea usingizi. Akisikia hamu ya soda, alihesabu namba hadi ipite. Kila jioni alichokipata alikiweka kwenye kibubu cha simu, ambacho Wapeupe wote walikuwa nacho, na ambacho hufunguka kwa nywila, yaani neno la siri la mwenyewe. Nywila yake hakumwambia mtu. Si kwamba alikuwa mjanja. Aliona haya tu, kama mtu anavyoona haya kusikika akiomba dua.

*

Basi wakatokea wezi wa simu. Walipiga kwa sauti za asali: "Hongera sana, mama! Umeshinda jokofu. Tutajie nywila yako tulilete." Na Mpeupe, kwa kuwa alilelewa vizuri, aliita kwanza majirani wawili washuhudie, ndipo akaitaja nywila, taratibu, herufi moja moja, ili mwizi asikosee.

Kilio kikafika Wizara ya Akiba na Tahadhari za Mtandaoni. Wizara hiyo haikuwa ngeni kwa shida za watu. Mwezi uliotangulia ilifanya Semina Kuu ya Kubana Matumizi kwenye hoteli ya ufukweni, juma zima, kwa maelezo kwamba kukaa ofisini kungeongeza bili ya umeme. Kila mjumbe alirudi na mkoba, kofia, na kauli mbiu isemayo: "Haba na Haba, Tuletee Tukutunzie."

Waziri mwenyewe, Mheshimiwa Kitwana Mbwembwe, alijitokeza redioni.

"Ndugu wananchi! Serikali yenu sikivu imechunguza. Uchunguzi nao umechunguzwa. Na sasa tumekijua chanzo cha wizi. Mwizi anapokupigia simu, anatafuta nini? Anatafuta siri! Sasa niulize, na mnijibu huko huko mliko: siri ikiwa haipo, mwizi atatafuta nini?"

Nchi nzima ikastaajabu. Hakuna aliyewahi kulifikiria hivyo.

"Atarudi kwao mikono mitupu!" akanguruma Mheshimiwa. "Kwa hiyo naagiza: kila mtu mzima ataisoma nywila yake uwanjani, mbele ya balozi wa mtaa na mashahidi wawili. Na wagonjwa wasionewe. Wao watasikia redioni."

Siku ya pili Mgeni, jirani na shoga wa Sikudhani, alikuja kusukwa kwa ajili ya hafla. Alikaa kwenye kigoda, akaachia kichwa.

"Nisuke ile ya kwenda juu, shoga. Nataka nikisimama kwenye kipaza sauti nionekane mtu mwenye nywila ya maana."

"Mgeni," alisema Sikudhani, vidole vikienda, "huoni... labda ingekuwa heri isisomwe redioni?"

"Hee! Redioni ndiyo heshima yenyewe. Halafu wewe nywila unakaa nayo peke yako, siku ukiisahau nani atakukumbusha? Aa, taratibu hapo kisogoni, utanitoa ubongo."

Jioni Sikudhani alimweleza mama yake. Bi Mwamvua alizima redio, jambo ambalo hakulifanya hata wakati wa wimbo wa taifa.

"Hiyo nywila umemwambia nani?"

"Sijamwambia mtu, mama."

"Hata mimi?"

"Hata wewe."

"Umefanya vyema. Na usiniambie. Mdomo wangu naujua mwenyewe."

"Lakini sheria, mama..."

"Sheria inataka neno. Basi ipe neno. Kwani maneno yamekwisha duniani?"

Sikudhani hakuwahi kudanganya kwa sauti. Alilala akijifundisha.

*

Uwanja ulifurika. Mahema yalifungwa, ngoma ikaletwa, na Balozi Machupa, aliyevaa koti la suti juu ya kanzu, akashika kipaza sauti kana kwamba ni rungu la kifalme.

Kijana mmoja alitangulia. Nywila yake ilikuwa moja, mbili, tatu, nne. Kamati ya Kuzipima Nywila ilimpigia makofi kwa nidhamu na mpangilio, na nusu ya waliokuwa kwenye foleni wakabadilisha zao papo hapo ili nao wasifiwe. Akafuata Mzee Shaweji, ambaye alisogea taratibu sana, akakohoa, akatazama mbingu, kisha akasema, "Mwanajuma wangu."

Mkewe alikuwa kando yake kama shahidi wa kwanza.

"Baba Hamisi," alisema, na kipaza sauti kilikuwa wazi, "mimi naitwa nani?"

"Mke wangu, hiyo ni nywila tu."

"Nimekuuliza naitwa nani. Watajie watu."

Taifa lilisubiri jibu, lakini balozi aliharakisha kumwita anayefuata, na aliyefuata alikuwa Sikudhani.

Alipanda jukwaani. Mbele yake kulikuwa na nyuso nyingi kuliko vichwa alivyowahi kuvisuka. Akafumba macho. "Maua," akasema.

"Ongeza sauti, binti. Taifa halikusikii."

"Maua."

"Mashahidi?"

Bi Mwamvua akaongozwa mbele kwa mkono. Balozi akasita. "Bi mkubwa, samahani. Shahidi anatakiwa awe ameona, nawe huoni."

"Kwani nywila yako wewe ina rangi gani, Machupa?"

Watu wakaangua kicheko. Balozi akapiga muhuri. Shahidi wa pili alikuwa Mgeni, ambaye hakujua chochote kuhusu nywila ya shoga yake, lakini huko Peupe kumnyima mtu ushahidi ni uchoyo kuliko kumnyima chumvi. "Ndiyo yenyewe!" akasema, mkono kifuani. "Naijua tangu ikiwa changa!"

*

Kabla ya Ijumaa vibubu vya mtaa mzima vilikuwa vitupu. Mzee Shaweji alipoteza pesa za mbolea, na mke alikuwa ameshahamia kwa dada yake. Mgeni alipoteza ada ya mwanawe. Alikuja kibandani, akakaa kwenye kigoda pasipo kusema anataka mtindo gani, akalia. Sikudhani alimfumua zile za kwenda juu, akamsuka upya, pole pole, na alipomaliza akaukataa mkono uliokuwa ukitafuta sarafu kwenye pindo la kanga.

Redioni Mheshimiwa Mbwembwe aliwapongeza wananchi. "Wizi wa siri tumeutokomeza! Huu uliotokea ni wizi wa wazi, na huo, ndugu zangu, ni hatua kubwa ya maendeleo."

Kibubu cha Sikudhani hakikuguswa. Kila jioni alikifungua, akaangalia, akakifunga, akajisikia kama mwizi.

Siku moja Balozi Machupa akapiga hodi. Alikataa kukaa, dalili kwamba amekuja kiserikali.

"Binti, umeshtakiwa."

"Na nani, shikamoo?"

"Marahaba. Na mwizi."

Bi Mwamvua aligeuza kichwa kuelekea sauti. "Na nani?"

"Na mwizi, bi mkubwa. Amefika wizarani mwenyewe, kwa adabu sana, amechomekea shati. Anasema nywila zote za mtaa huu zimemfungukia isipokuwa ya Sikudhani. Kajaribu Maua kwa herufi kubwa, kajaribu kwa ndogo, kajaribu kwa kuanzia nyuma. Kidole kimemvimba. Ana cheti cha daktari."

"Na mkamkamata?"

"Kwa kosa gani?" Balozi alishangaa kwa moyo safi kabisa. "Nani kamwona akiiba? Alikuwa peke yake chumbani, hana shahidi hata mmoja. Kisheria bado hajaiba. Lakini huyu binti yako kadanganya mbele ya uwanja mzima na wasikilizaji wa redio. Kesi ni keshokutwa asubuhi. Aje na simu yake, ni kielelezo."

Keshokutwa ndiyo siku madaktari wa macho walitarajiwa. Hospitali ilikuwa haipokei malipo mapema. Namba ya kulipia hutumwa kwa simu asubuhi ile ile madaktari wanapofika, na asiyelipa hadi adhuhuri, kitanda chake hupewa mwingine.

"Nenda kwenye hiyo kesi," alisema mama yake. "Nami Mgeni atanipeleka nikakae kwenye benchi. Kukaa najua."

*

Kesi iliendeshwa na Mheshimiwa Waziri mwenyewe, katika ukumbi wa wizara, chini ya picha yake. Mwizi alipewa kiti chenye mto na chupa ya maji. Katika shughuli za kiserikali haikuwa adabu kumwita mwizi, kwa hiyo kijibao mbele yake kiliandikwa: Mdau. Alikuwa kijana mnene mwenye kidole kilichofungwa bendeji. Sikudhani alisimamishwa. Simu yake iliwekwa juu ya meza, kwenye sahani.

"Mheshimiwa," alianza Mdau kwa uchungu, "mimi ni mtu wa kazi. Nimejiajiri. Nimekesha kwa ajili ya huyu dada. Wenzake wote wamenipa ushirikiano, wazee kwa vijana. Sasa mtu mmoja akifanya hivi, kesho watamwiga, na sisi tutaishije?"

Nyuma ya ukumbi walikaa watu wa mtaa, na wengine, kwa mazoea, walitikisa vichwa kumhurumia.

"Mshtakiwa," alisema Waziri, "kwa nini umeihujumu sera?"

Sikudhani alifungua mdomo. Na hapo simu ikalia kwenye sahani yake, mlio mfupi wa ujumbe. Karani wa kesi, kama ilivyo desturi ya Peupe, akausoma kwa sauti, maana ujumbe uliosomwa na mtu mmoja ni kama haujafika.

"Unatoka hospitali, Mheshimiwa. Unasema: Mgonjwa Mwamvua yuko kwenye foleni. Namba ya kulipia ni hii hapa. Lipa kabla ya adhuhuri."

Kila mtu akatazama saa ya ukutani. Mshale mrefu ulikuwa umebakisha kidogo sana.

"Hilo halituhusu," alisema Waziri, ambaye naye alikuwa akiitazama saa, kwa sababu zake. Harufu ya pilau ilikuwa imeanza kupenya kutoka chumba cha pili, kulikoandaliwa chakula cha Kamati. "Tusipoteze muda. Binti, nywila ya kweli unayo?"

"Ninayo, Mheshimiwa."

"Tutajuaje kuwa hii nayo si maua? Chukua hiyo simu. Fungua kibubu mbele ya mashahidi, ufanye muamala, tuone kama nywila inafanya kazi. Ndipo uitaje."

Sikudhani aliichukua simu kwa mikono miwili. "Muamala upi, Mheshimiwa?"

"Wowote."

"Wowote?"

"Wowote, binti! Wali unapoa!"

Mdau aliruka kutoka kwenye mto. "Mheshimiwa, subiri! Naomba huo muamala uwe wa kunitumia mimi!"

Waziri akavua miwani. Uso wake ulijaa uchungu wa mtu aliyetukanwa nyumbani kwake. "Kijana! Wewe ni mlalamikaji. Mlalamikaji apokee fedha ukumbini, kabla ya hukumu? Hiyo ni rushwa! Na katika nchi hii, kama kuna mtu amewahi kuona rushwa, asimame yeye na shahidi wake."

Hakuna aliyesimama. Wakati huo wote kidole gumba cha Sikudhani kilikuwa kikienda mbio kama kinavyokwenda katika nywele za bibi harusi aliyechelewa. Simu ikalia.

Karani akasoma, "Umelipa hospitali. Malipo yamepokelewa. Mgonjwa Mwamvua apelekwe ndani."

Kutoka nyuma ya ukumbi mtu mmoja alipiga kigelegele, na alikuwa Mzee Shaweji, ambaye hakuwahi kujua kwamba anaweza.

"Sasa taja," alisema Waziri.

Sikudhani alitazama sakafu. Kusema uongo uwanjani kulikuwa kugumu, lakini si kama hili.

"Mama ataniona," akasema.

"Atakuona lini? Tunataka nywila."

"Ndiyo hiyo, Mheshimiwa. Yote pamoja, bila kuacha nafasi. Mama ataniona."

Watu walijikuta wakitazama viatu vyao. Hata Mdau alitazama vyake kwa muda, kisha akakumbuka kazi, akatoa simu, akaanza kubonyeza kwa kidole kizima. Kibubu kikafunguka. Uso wake ukafunguka nacho, halafu ukajifunga.

"Mheshimiwa! Hamna kitu! Zimebaki za vocha tu!"

"Imefunguka au haikufunguka?"

"Imefunguka, lakini..."

"Ulilalamika kwamba haifungui. Imefungua. Serikali iliahidi kufungua, haikuahidi kukuta. Mashahidi wapo?" Ukumbi mzima uliitikia kwamba wapo, kwa sauti iliyotikisa picha ukutani. "Shauri limekwisha. Mshtakiwa apewe onyo na fulana." Na Kamati ikainuka kwa mwendo ambao haikuwahi kuutumia kwenye jambo jingine lolote la umma.

*

Kesho yake, Sikudhani na daktari waliposimama kando ya kitanda cha Bi Mwamvua, muuguzi alileta karatasi na kalamu. Kwa taratibu za nchi, mgonjwa akifunguliwa bendeji hutakiwa kutaja anachokiona mbele ya mashahidi wawili, vinginevyo upasuaji hautambuliki. Muuguzi alikuwa shahidi wa kwanza, na daktari alikuwa wa pili.

Daktari akaifungua bendeji, mzunguko baada ya mzunguko. Bi Mwamvua akapepesa macho. Alitazama dirisha, akatazama daktari bila kuvutiwa, kisha akamtazama binti yake: paji la uso, mashavu yaliyoingia ndani kwa chai ya rangi, vidole vyenye sugu, fulana ya Wizara iliyompwaya. Alimtazama kwa muda ambao Sikudhani alitamani kujificha, naye hakujificha.

"Haya, mama, unaona nini?" aliuliza muuguzi, kalamu tayari. "Sema kwa sauti, tuandike."

Bi Mwamvua aliinua mkono, akamshika binti yake shingoni, akamvuta hadi sikio lake likagusa midomo yake. Akamwambia neno, au maneno. Sikudhani alicheka, kisha akalia, kisha akafanya yote mawili.

"Kasema nini?" aliuliza daktari.

"Hatukusikia," alisema muuguzi kwa hofu. "Dada, amesema nini? Lazima tuandike!"

Sikudhani alijipangusa kwa pindo la fulana ya Wizara. Kwa mara ya kwanza tangu aanze kusuka, alimjibu mtu bila kuinamisha kichwa.

"Hayo ni yetu," akasema.

Kalamu ikabaki hewani. Wasimulizi wamejitahidi sana baadaye kuyapata maneno yale. Walimuuliza muuguzi, walimuuliza daktari, walimpelekea Bi Mwamvua sukari na majani ya chai, wakarudi bila kitu, na sukari haikurudi. Hakuna shahidi hata mmoja. Kwa sheria za Peupe, basi, hayakusemwa.